Daktari mtafiti wa selimundu aliye Marekani kwa viza ya J-1: NIW (njia ya grinikadi kwa maslahi ya taifa) inawezekana, na tuanzie wapi?

Damu_na_Takwimu aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo wa wanaoijua sheria ya uhamiaji ya Marekani upande wa madaktari watafiti.

Hali yenyewe: daktari aliyezaliwa Kenya, ana MBChB (shahada ya udaktari) ya Nairobi, MMed (ubingwa) ya watoto, na MPH (uzamili wa afya ya jamii) ya chuo cha Marekani. Yupo Marekani kwa J-1 (viza ya ubadilishanaji) ya mtafiti, si ya residensi (mafunzo ya udaktari hospitalini), na hatibu wagonjwa. Utafiti wake ni wa selimundu: kupanga dozi ya dawa ya haidroksiyurea kwa watoto, na kuzuia kiharusi mahali ambapo hakuna daktari bingwa wa damu. Ana makala 14, tano akiwa mwandishi wa kwanza, zimenukuliwa mara 210 hivi. DS-2019 yake (hati ya J-1 inayoonyesha muda wa mpango) inaisha baada ya miezi 11. USMLE (mitihani ya leseni ya udaktari Marekani) amefanya hatua ya kwanza tu.

Ninachotaka kujua: anaweza kuomba NIW mwenyewe bila mwajiri? Kukosa USMLE zote kunamwangusha? Data zake nyingi zimetoka Kilifi na Kisumu, sasa "maslahi ya taifa" la Marekani atayaonyeshaje? Na ile habari ya kurudi nyumbani miaka miwili inamgusa au haimgusi?

---

Kalamu_ya_I140 alijibu:

Karibu mkuu. Kabla ya yote tenganisha misamaha miwili, maana watu huichanganya mpaka mwaka mzima unapotea. NIW, yaani msamaha kwa maslahi ya taifa, humwondolea mwombaji sharti la kuwa na mwajiri na la kuthibitisha kwamba hakupatikana Mmarekani wa kazi hiyo. Msamaha wa J-1 humwondolea sharti la kifungu 212(e), lile la miaka miwili nyumbani. Ni maombi mawili, ofisi mbili, ushahidi wa aina mbili. I-140, fomu ya ombi la NIW, inaweza kupita huku 212(e) ikiwa bado imemkaba, na hapo anabaki na idhini asiyoweza kuitumia: hawezi kuwasilisha I-485 (fomu ya grinikadi kwa aliye ndani ya Marekani), hapewi viza ya uhamiaji wala H-1B (viza ya kazi). Upande wa J-1 namwachia anayeujua zaidi.

Halafu, NIW za madaktari nazo ni mbili. Ya kwanza ni ya kliniki: unaahidi kutibu kwa muda wote, jumla ya miaka 5, katika eneo lililotangazwa kuwa na upungufu wa madaktari au hospitali ya maveterani. Unahitaji mkataba, pamoja na barua ya idara ya afya ya jimbo au ya shirika la serikali kuu, na zote ziwe zimeandikwa ndani ya miezi 6 kabla ya kuomba. Utafiti hauhesabiwi humo hata saa moja, na muda wa kutibu ukiwa kwenye J-1 hauhesabiwi. Asiye na leseni aiache. Ya pili ni NIW ya kawaida ya EB-2 (kundi la grinikadi la wenye shahada ya juu), na hiyo ndiyo yake. Ndiyo, anaomba mwenyewe.

Kuingia EB-2: MPH ya chuo cha Marekani inatosha kuwa shahada ya juu, ila iendane na kazi anayokusudia. Tangu mwongozo wa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ulipofanyiwa marekebisho Januari 2025, maofisa wanaangalia uhusiano huo kwa makini. MBChB nayo inaweza kukubalika ikiwa tathmini ya vyeti inasema ni sawa na MD ya Marekani, au akiwa amefaulu USMLE zote tatu. Kwa hiyo kukosa USMLE hakumwangushi, mradi mpango wake ni utafiti. Akiandika kwenye ombi kwamba atatibu wagonjwa, amejiletea swali la leseni na la mitihani ambalo halikuwa na haja ya kuulizwa.

Sasa kiini cha jambo. NIW hupimwa kwa uamuzi wa kesi ya Dhanasar ya Desemba 2016, wenye hatua tatu: kazi unayokusudia ina thamani na uzito wa kitaifa, wewe mwenyewe una uwezo wa kuisogeza mbele, na kwa kupima pande zote, Marekani inafaidika ikikuondolea sharti la mwajiri. Wengi wanaikariri hiyo bila kusoma kilichomo ndani ya kesi. Dhanasar alikuwa mhandisi wa vyombo vya anga, mtafiti na mwalimu. Utafiti wake ulikubaliwa kuwa na uzito wa kitaifa. Ufundishaji wake haukukubaliwa, kwa sababu ulionekana kuwafaa wanafunzi wake tu, si taaluma nzima. Weka daktari mahali pa mwalimu uone: kutibu watoto 30 kwa siku ni kazi njema kabisa, lakini manufaa yanaishia kwa hao 30. Njia ya kupanga dozi ambayo kliniki nyingine zinaweza kuichukua na kuitumia, hiyo inavuka mlango wa hospitali.

Ndiyo maana ombi hubebwa na sentensi moja au mbili za kueleza kazi inayokusudiwa. Hii ni ya kuanguka:

"Ninakusudia kuendelea na utafiti wangu wa selimundu nikiwa mtafiti katika chuo kikuu cha Marekani na kuboresha afya ya jamii."

Hicho ni cheo na matamanio. Ofisa hana cha kupima. Linganisha na hii:

"Ninakusudia kutengeneza na kupima utaratibu wa kupanga dozi ya haidroksiyurea kwa watoto wa umri wa miaka 2 hadi 12, kwa kutumia uzito na vipimo viwili vya damu, ili madaktari wa watoto katika kliniki za vijijini Marekani wafikie dozi inayofaa bila kumpeleka mtoto kwa bingwa wa damu."

Hapo kuna dawa, umri, mtumiaji, mahali, na tatizo linaloondolewa. Baada ya hapo kila kielelezo kwenye faili kiwe kinajibu sentensi hiyo. Kisichojibu, kitoe.

Kuhusu Kilifi na Kisumu, usione haya nazo, ni nguvu yake. Wamarekani wapatao 100,000 wanaishi na selimundu, wengi wao weusi. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu tiba mbili za jeni Desemba 2023, lakini bei zilizotangazwa zilikuwa dola milioni 2.2 na milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Haidroksiyurea ni kidonge cha bei nafuu, na tangu 2017 imeidhinishwa Marekani kwa watoto kuanzia miaka 2. Kinachokwamisha ni dozi: daktari asiye bingwa huogopa kushusha chembe za damu, anabaki kwenye dozi ndogo, mtoto hapati manufaa yote. Utaratibu uliothibitishwa mahali pasipo na bingwa wala maabara kubwa ndio hasa unaohitajika kwenye kaunti ya Mississippi iliyo mbali na hospitali ya rufaa. Andika daraja hilo waziwazi. Ofisa hatalijenga kwa niaba yako. Hoja ya "nitasaidia Afrika" peke yake haitoshi, hata iwe ya kweli kiasi gani.

Kwenye hatua ya pili, 210 ni namba nzuri lakini ikiwa peke yake haisemi kitu. Linganisha kila makala na nyingine za fani hiyo na za mwaka huohuo. Makala ya miaka miwili iliyonukuliwa mara 25 inaweza kuwa na uzito kuliko ya miaka tisa yenye 60. Kisha chagua nukuu tano au sita ambazo mtafiti mwingine *ametumia* matokeo yake: amechukua dozi, amerudia kipimo, ameyaweka kwenye mwongozo wa tiba. Chapisha ukurasa wenyewe, upigie mstari sentensi husika. Nukuu inayosema "tazama pia 14–22" haina mzigo wowote.

Fomu: I-140, Kiambatisho A cha ETA-9089 (fomu ya cheti cha kazi), na ukurasa wa uamuzi wa mwisho wa ETA-9089 uliotiwa saini. Huo wa mwisho husahaulika kwa sababu watu hudhani ni wa Wizara ya Kazi. Kwenye NIW unaujaza wewe. Ada ni dola 715, na juu yake 300 ya mpango wa hifadhi ya wakimbizi kwa anayejiombea mwenyewe. Malipo hayo mawili yafanywe kando kando. Ukiyaunganisha kuwa 1,015, faili linarudishwa. Na kwenye swali la I-140 la kama una wafanyakazi 25 au pungufu, jibu ndiyo, la sivyo utadaiwa 600.

---

Bi_Foleni alijibu:

Naongeza la tarehe, maana ndipo mipango mingi huvunjikia. Siku USCIS inapopokea I-140 ndiyo tarehe yako ya foleni ya grinikadi, hata kama uamuzi utachukua mwaka. Huduma ya haraka kwa NIW ni siku 45 za kazi, si 15. Na "jibu" ndani ya siku hizo linaweza kuwa RFE, ile barua ya kudai ushahidi zaidi. Hapo saa inaanza upya siku wanapopokea majibu yako. Huduma ya haraka haisogezi foleni ya viza hata kidogo.

EB-2 ya "nchi nyingine zote", ambamo Kenya imo, iliingia kwenye foleni Desemba 2022, na tarehe zimekuwa zikipanda na kushuka. Soma taarifa ya viza ya kila mwezi, na kumbuka ina majedwali mawili. USCIS hutangaza kila mwezi lipi litumike kwa I-485.

Nchi inayohesabiwa ni ya *kuzaliwa*, si ya pasipoti. Mkenya mwenye asili ya Gujarat aliyezaliwa Mombasa anahesabiwa Kenya. Aliyezaliwa India akakulia Dar tangu ana mwezi mmoja anahesabiwa India, kwenye foleni ndefu mno, isipokuwa atumie nchi aliyozaliwa mume au mke wake.

---

Mwanafunzi_wa_Tiba aliuliza:

Samahani kuingilia. Kwa nini asiende EB-1A, ile ya wenye vipaji vya juu kabisa, moja kwa moja kama foleni yake ni fupi?

---

Kalamu_ya_I140 alijibu:

Swali zuri. EB-1A inataka angalau vigezo 3 kati ya 10, na baada ya hapo ofisa anapima faili zima kuona kama mtu yuko kwenye kile kikundi kidogo cha juu kabisa cha fani yake. Makala, kuhakiki kazi za wengine na mchango wa asili anaweza kuvitimiza. Hatua ya mwisho ndiyo itakayomchuja kwa nukuu 210. Akishiriki kuandika mwongozo wa tiba wa kitaifa au wa Shirika la Afya Duniani, hesabu inabadilika. EB-1B, ile ya watafiti na maprofesa, ni rahisi kidogo, vigezo 2 kati ya 6 na uzoefu wa utafiti wa miaka 3, lakini mwajiri ndiye anayeomba na nafasi iwe ya kudumu. Hakuna kinachozuia kuwa na maombi mawili kwa pamoja, na tarehe ya foleni ya NIW iliyoidhinishwa unaweza kuihamishia kwenye EB-1.

---

Miaka_Miwili alijibu:

Nije kwenye J-1.

212(e) humbana mtu kwa sababu tatu tu: amefadhiliwa na serikali kwa ajili ya mpango huo wa ubadilishanaji, iwe ya Marekani au ya kwao, au fani yake imo kwenye orodha ya stadi (fani zinazohitajika) ya nchi yake, au amekuja kwa mafunzo ya kitabibu, yaani residensi au feloshipu ya kliniki. Hiyo ya tatu humbana kila daktari, bila kujali nchi wala mfadhili. Yeye ni mtafiti, kwa hiyo aangalie mbili za kwanza.

Ufadhili: Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, inabana. Ruzuku ya NIH (taasisi za serikali za utafiti wa afya) iliyopewa maabara kwa ajili ya utafiti, kisha maabara ikamlipa mshahara, kwa kawaida haibani, kwa sababu haikutolewa kwa ajili ya ubadilishanaji. Orodha ya stadi ilifanyiwa marekebisho tarehe 9 Desemba 2024, na mabadiliko yake yanarudi nyuma hadi kwa waliokuja zamani. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa 2019 kwamba anabanwa anaweza kuwa huru leo. Asitegemee maandishi yaliyo kwenye viza au chini ya DS-2019; maandishi hayo hukosewa. Aombe maoni rasmi ya kitengo cha misamaha cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, akiambatanisha DS-2019 zote tangu ya kwanza.

Akikuta anabanwa, njia ni hizi. Kwa asiye wa mafunzo ya kliniki, barua ya serikali ya Kenya ya kutokuwa na pingamizi, inayopita ubalozi wa Kenya Washington. Mwombaji hujaza kwanza fomu DS-3035 na kulipa dola 120. Madaktari wa residensi hawaruhusiwi kutumia njia hiyo kabisa. Ikiwa pesa za serikali zimehusika, barua hiyo mara nyingi haitoshi.

Njia ambayo watafiti wa afya ya jamii huisahau ni ya Wizara ya Afya ya Marekani, HHS. Bodi yake ya misamaha hupokea maombi ya utafiti kwa fomu HHS 426. Anayeomba ni *taasisi*, si daktari. Lazima ithibitishe mambo matatu: mradi una kipaumbele na umuhimu wa kitaifa au kimataifa katika eneo linaloihusu wizara, daktari ni kiungo ambacho kikitolewa mradi unakwama, na sifa zake zinapita kiwango cha kawaida cha fani. Hilo la kati ndilo huangusha. Barua ya mkuu wa maabara ikisema tu "ni mchapakazi na tungependa abaki", imekwisha hapo. Iseme ni kazi gani anaifanya, nani mwingine aliyepo anaweza kuifanya, na mradi utapoteza nini akiondoka.

Conrad 30, msamaha wa J-1 ambao kila mtu huutaja, haimhusu. Ni nafasi 30 kwa kila jimbo kwa mwaka, kwa daktari atakayetibu saa 40 kwa wiki kwa miaka 3. Bila leseni hakuna.

Mpangilio wa hatua, hapa tafadhali awe mwangalifu:

Kwanza arefushe DS-2019 hadi kikomo kinachowezekana. Mtafiti ana hadi miaka 5. Wizara ya Mambo ya Nje ikishapendekeza msamaha, J-1 hairefushwi tena.

Pili, asisafiri kwenda kugonga viza mpya ya J-1 baada ya kuwasilisha I-140. J-1 inadai nia ya kurudi, na I-140 ni ushahidi wa maandishi wa nia ya kubaki.

Tatu, daraja la muda. Chuo kikuu na taasisi za utafiti zisizo za faida huomba H-1B nje ya bahati nasibu, mwezi wowote. Tangazo la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, lakini ufafanuzi wa USCIS wa Oktoba 2025 unasema anayebadilisha hadhi akiwa ndani ya nchi hayamhusu. Akitoka kabla ya idhini, kinga hiyo inaweza kupotea. Kama 212(e) inambana na msamaha haujatoka, H-1B haiwezekani. O-1 (viza ya kazi ya wenye vipaji vya juu) inawezekana, ila lazima aichukue ubalozini, si kwa kubadilisha hadhi.

Na asichanganye 212(e) na ile miezi 24 ya kutorudia J-1 ya mtafiti. Ni kanuni nyingine kabisa. Hiyo haizuii H-1B wala grinikadi.

Onyo moja zaidi. Kama bado ana ndoto ya residensi, akikubali J-1 ya kliniki atajibana upya hata kama I-140 yake ilishapita. Atafute hospitali inayotoa H-1B kwa residensi, na hapo atahitaji USMLE hatua ya tatu.

---

Jicho_la_Nyaraka alijibu:

Barua za wataalamu. Tano hadi saba zinatosha. Kumi na mbili zinamchosha ofisa. Angalau tatu zitoke kwa watu ambao hawajawahi kuandika naye makala wala kumfundisha, na barua iseme wazi namna walivyoifahamu kazi yake. Kosa la kawaida: barua zote zinaandikwa na mkono mmoja, zote zinaanza na "Nina furaha kubwa kumuunga mkono", zote zina neno lilelile la kusifu kwenye aya ya tatu. Ofisa akiziweka mezani pamoja anaona mara moja, na anazipunguzia uzito zote, hata ile ya kweli. Mpe kila mtaalamu jambo moja: huyu aeleze dozi, yule kiharusi, mwingine hali ya kliniki za vijijini Marekani.

Majina. Makala moja "Otieno JA", nyingine "Akinyi J", pasipoti ina majina matatu, cheti cha MBChB kina mawili. Weka ukurasa mmoja mwanzoni unaoeleza majina yote ni ya mtu mmoja, na ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti). Usimwachie ofisa kubahatisha.

Barua ya serikali iliyoandikwa kwa Kiswahili, kama zitokavyo nyingi za Tanzania, itafsiriwe *yote*, mhuri na kumbukumbu namba pamoja, na mtafsiri atie saini kuwa tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Muhtasari haukubaliki.

Ushahidi uwe umekuwepo siku ya kuwasilisha. Makala iliyokubaliwa mwezi baada ya hapo haikuokoi kwenye RFE, na ukibadilisha kazi unayokusudia ili kukidhi RFE, wataiita ombi jipya. Muda wa kujibu RFE ni hadi siku 84, pamoja na siku 3 za posta. Majibu yanatumwa mara moja tu, kwa pamoja. Ukituma nusu ukisubiri barua nyingine, wataamua kwa hiyo nusu.

---

Damu_na_Takwimu aliandika:

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. La mwisho: mwenzake wa maabara ni Mtanzania, MD ya Muhimbili, anafanya utafiti uleule. Hatua ni zilezile?

---

Miaka_Miwili alijibu:

Vigezo vya NIW ni vilevile, na MD ya Muhimbili hupitia tathmini ya vyeti kama MBChB. Kilicho tofauti ni uraia. Tangazo la rais la Desemba 2025, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2026, liliiweka Tanzania kwenye kundi la vizuizi vya sehemu: viza za uhamiaji na za B, F, M na J (wageni, wanafunzi na ubadilishanaji) zimesitishwa kwa aliyekuwa nje ya Marekani bila viza halali siku hiyo. Burundi ilikuwa humo tangu Juni 2025. Kenya haimo. Januari 2026 USCIS nayo iliagiza maombi ya raia wa nchi zilizotajwa yasimamishwe uamuzi, hata waliomo ndani.

Kwa hiyo Mtanzania aliye Marekani asitoke. Awasilishe I-140 mapema ili ashike tarehe ya foleni, kwa sababu tarehe hiyo haipotei wakati faili limesimama. Na ahakikishe ana hadhi halali isiyotegemea I-485, H-1B ya chuo ikiwezekana, kwani hadhi ikikatika akisubiri hakuna wa kumrudishia.

---

Bi_Foleni alijibu:

Dogo kwa wote wawili watakapofika I-485, ada yake ni dola 1,440. Tangu 2 Desemba 2024 fomu ya uchunguzi wa afya, I-693, inaingia *pamoja* na I-485. Ukiiacha nyuma faili linaweza kukataliwa. Kipimo cha TB ni cha damu, IGRA. Chanjo ya BCG ya utotoni haikuondolei kipimo hicho, ila nayo haiharibu majibu ya IGRA kama ilivyokuwa kwa kile cha ngozi. Kikionyesha chanya unapigwa eksirei ya kifua, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi wodi za watoto Kisumu au Dar aweke nafasi ya wiki chache kabla ya tarehe yake kufunguka. Bahasha ya daktari isifunguliwe.